Jibu la swali la wiki: Ukichagua MBA, anza kuuliza habari za tasnifu

Swali la wiki hii linasema: "Nina shahada ya kwanza na nina ajira. Nataka kusoma MBA (shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara) kwenye chuo chenye ithibati bila kuacha kazi. Nikague nini kabla ya kulipa, na wapi watu hukwama?"

Nianze na hilo la kukwama, kwa sababu ndilo linalopaswa kuongoza mengine yote. Ithibati unaikagua kwa siku moja. Ada unaipigia hesabu jioni moja. Kinachowaangusha wanafunzi wengi wa MBA walio kazini ni tasnifu, yaani ile ripoti ndefu ya utafiti inayoandikwa mwishoni mwa masomo. Mtu amemaliza kozi zote, hana sapu (mtihani wa marudio) hata moja, amelipa kila senti, lakini mwaka wa tatu unaingia hana cheti kwa sababu sura ya nne, ile ya matokeo ya utafiti, haijaandikwa. Inauma, maana kazi ngumu ya darasani alishaimaliza. Basi unapoulizia chuo, pamoja na ada waulize hivi: msimamizi anapangwa muhula gani? Mwalimu mmoja anasimamia wanafunzi wangapi? Tasnifu ikishawasilishwa, watahini huchukua miezi mingapi? Muda wa masomo ukipita, unalipa nini kwa kila muhula unaoongezwa? Chuo kinachojibu maswali haya kwa maandishi kimekwishakuambia mengi kuhusu kilivyo.

Sasa ithibati. Kwa Tanzania, mwenye kauli juu ya vyuo vikuu ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Watu wengi hukagua jina la chuo tu, wakaona lipo, wakatulia. Kuna mambo matatu ya kukagua: chuo chenyewe, kampasi au kituo utakachosomea, na programu yenyewe. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa huku programu uliyoombea ikiwa imezuiwa kudahili. Mwaka 2017 TCU ilisimamisha udahili katika vyuo 19, na katika vyuo vingine ilizuia baadhi ya programu tu huku nyingine zikiendelea. Aliyetazama jina la chuo peke yake asingeigundua tofauti hiyo. Ingia kwenye tovuti ya TCU, tafuta programu kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye barua ya udahili, na hifadhi nakala ya ukurasa huo yenye tarehe.

Jambo moja huwachanganya wengi. Taasisi kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) na Chuo cha Uhasibu Arusha si vyuo vikuu, na msimamizi wake ni NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Ukizikosa kwenye orodha ya TCU, usikimbilie kusema ni za kughushi. Umetafuta kwenye daftari lisilo lake. Huko NACTVET shahada ya uzamili ni ngazi ya 9. Kwa wasomaji wa Kenya, wa kuulizwa ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, iliyoundwa na sheria ya vyuo vikuu ya 2012. Uganda ni baraza la taifa la elimu ya juu, NCHE.

Anayetaka kusoma kwa mtandao na chuo cha nje ahakikishe kwanza kwamba chuo hicho kinatambuliwa kwao, kisha aulize TCU kama cheti hicho kitatambuliwa hapa. Aulize kabla ya kulipa, asisubiri mpaka amehitimu. Hapa kuna mtego: vyuo feki huwa na mashirika feki ya kuvipa ithibati, yenye majina makubwa na nembo zinazong'aa. Kwa chuo cha Marekani, angalia kama shirika lililokipa ithibati linatambuliwa na Wizara ya Elimu ya huko au na CHEA, baraza la huko la ithibati ya elimu ya juu. Halafu utasikia vifupisho vitatu, AACSB, EQUIS na AMBA. Hizo ni ithibati za kimataifa za shule za biashara, zinazoongezwa juu ya ile ya nchi. Stellenbosch na Cape Town za Afrika Kusini zinazo zote tatu. Ni heshima kubwa na husaidia ukitaka ajira ya kimataifa, lakini kwa anayetaka kupandishwa cheo kwenye halmashauri au benki ya hapa nyumbani, ithibati ya TCU au NACTVET ndiyo itakayoulizwa na ofisi ya utumishi.

Baada ya hapo, piga hesabu ya muda. Katika mfumo wa TCU shahada ya uzamili ina krediti zisizopungua 180, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha darasa, kusoma mwenyewe, kazi za nyumbani na utafiti. Hizo ni saa 1,800. Ukitaka kumaliza kwa miezi 18, yaani wiki kama 78, ni saa 23 kila wiki. Kwa miezi 24 ni saa 17 hivi. Andika ratiba yako ya wiki kwenye karatasi uzitafute saa hizo. Ukiona zimekosekana, chagua mwendo wa polepole tangu mwanzo. Darasa la jioni linaonekana jepesi kwa sababu watu huhesabu saa za darasani tu, wakasahau foleni ya kutoka Posta hadi Mbezi na usingizi unaokungoja nyumbani. Madarasa ya wikendi huwafaa wanaosafiri kikazi. Chuo Kikuu Huria kinamfaa mwenye nidhamu ya kujisomea bila kusukumwa, na nidhamu hiyo ni nadra kuliko watu wanavyodhani.

Sifa ya kuingia kwa kawaida ni shahada ya kwanza yenye daraja la pili la chini, yaani GPA (wastani wa alama) ya 2.7 kwa kipimo cha 5. Mwenye GPA ya chini ya hapo huelekezwa mara nyingi kuanza na stashahada ya uzamili. Nyaraka ni zile zile unazozijua: cheti na transkripti, vyeti vya sekondari, cheti cha kuzaliwa, wasifu na barua za wadhamini. Kinachochelewesha maombi ni majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, shahada ina matatu, kitambulisho cha taifa kimeandikwa kwa herufi nyingine. Shughulikia jambo hilo miezi mitatu kabla, kwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na uulize chuo kinakubali hati ya aina gani. Na kama chuo cha zamani bado kinakudai, transkripti haitatoka mpaka umalize deni.

Darasani, jambo la kwanza kuzoea ni kwamba katika vyuo vingi alama ya kufaulu ngazi hii ni B. Ile C iliyokuvusha shahada ya kwanza hapa ni sapu, na sapu zikizidi unadisko, yaani unaondolewa masomoni. Wanaotoka uhandisi, ualimu au uuguzi huumizwa na uhasibu na usimamizi wa fedha, si kwa kukosa akili, ila mwalimu huanza kasi akidhani misingi ipo. Jipime na hesabu hii kabla ya muhula kuanza. Mradi unahitaji shilingi 10,000,000 leo, na utarudisha 4,000,000 kila mwisho wa mwaka kwa miaka mitatu. Jumla ni milioni 12, kwa hiyo unaonekana una faida. Sasa yalete marejesho hayo kwenye thamani ya leo kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka: yanakuwa kama 9,607,000, na mradi unakula hasara ya karibu 393,000. Kwa asilimia 8 yanakuwa 10,308,000, na mradi unafaa. Ukiweza kufika kwenye namba hizo mwenyewe na kueleza kwa nini zimebadilika, somo la fedha halitakushinda. Ukishindwa, tumia wiki nne za jioni kwenye kitabu chochote cha misingi ya fedha kabla ya kufungua chuo.

Kazi za vikundi zina alama, na vikundi huvunjika kwa ajili ya ratiba. Chagua wenzako kwa kuangalia nani ana nafasi siku na saa zile zile ulizo na nafasi wewe. Urafiki utakuja wenyewe.

Turudi kwenye tasnifu.

Mada itafutwe muhula wa kwanza. Mada inayokwama ni ile isiyo na data inayofikika. "Athari za uongozi kwa ufanisi wa kampuni" inavutia masikioni, lakini ufanisi utaupima kwa nini? Kwa faida? Kampuni itakupa hesabu zake? Kama hujapata barua ya ruhusa, au angalau ahadi ya maandishi ya mwenye data, hiyo bado si mada. Wengi huchagua ofisi yao wenyewe wakidhani ni rahisi, halafu mkurugenzi anagoma kutoa takwimu za mikopo mibaya, au bosi mpya anaingia na ruhusa inafutika. Njia salama ni kuchagua jambo ambalo data yake iko wazi, kama taarifa za fedha za kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, au watu unaoweza kuwafikia bila kuomba kibali kwa mtu mmoja mwenye uwezo wa kukuzuia.

Malengo mahususi yawe matatu. Manne yanabebeka, matano ni kujitafutia mzigo. Kila swali la dodoso liandikwe pembeni namba ya lengo linalolihudumia, na swali lisilo na namba liondoke. Hatua hii ni ya saa moja tu, nayo huokoa wiki nzima wakati wa uchambuzi, maana wanafunzi hukusanya majibu ya maswali 60 wakagundua 25 hayajibu lengo lolote, huku lengo la tatu likiwa halina swali hata moja.

Ukubwa wa sampuli wengi hukokotoa kwa kanuni ya Yamane: idadi ya watu, gawanya kwa (moja jumlisha idadi hiyo mara kipeo cha pili cha kosa). Kosa hapa ni kiasi unachokubali makadirio yako yapishane na ukweli. Kwa wafanyakazi 400 na kosa la asilimia 5, sampuli ni 200. Kwa kosa la asilimia 10, ni 80. Wanafunzi huandika 5 kwa sababu wameiona kwenye tasnifu za wenzao, kisha wanarudi na dodoso 110 na kuanza kuhangaika. Kibaya zaidi, wengine wanajaza wenyewe zilizobaki, na huo ni udanganyifu unaoweza kukufukuzisha chuo. Andika mapema kosa unalolimudu ukilitetea kwa hoja, na sambaza dodoso robo zaidi ya unazohitaji, kwa sababu nyingine hazitarudi. Watu wakiwa 60 tu, usichukue sampuli, waulize wote. Kabla ya yote, jaribu dodoso kwa watu kama 20 au 30 wasio kwenye sampuli yako, na pima uthabiti wake. Kiwango cha alfa cha Cronbach kinachokubalika kwa kawaida ni 0.7 kwenda juu. Ukikuta 0.4, tafuta swali lililoandikwa kwa kukanusha ambalo hukuligeuza alama zake. Mara nyingi tatizo liko hapo hapo.

Vibali navyo vina foleni yake. Kwa Tanzania utahitaji barua ya chuo, na ukiingia ofisi za serikali barua hiyo hupitia kwa katibu tawala wa mkoa au wilaya. Kenya unahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Ukikusanya majina na namba za simu za watu, kumbuka kwamba Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019. Usichukue namba za simu usizozihitaji.

Kuhusu msimamizi, nasema kwa heshima ya walimu wote: ana madarasa, vikao na wanafunzi wengine. Usimtumie "kazi yangu yote naomba uipitie." Mtumie sura moja moja, pamoja na ukurasa mmoja unaoonyesha kila maoni aliyotoa mara ya mwisho na ukurasa ulipolitekeleza. Kubalianeni siku za kusubiri, tuseme 14, na zikipita mkumbushe kwa adabu kwa njia mliyokubaliana. Asiyejibu kwa miezi miwili, mwandikie mratibu wa uzamili barua ya kawaida isiyo na lawama. Mwanafunzi anayenyamaza mwaka mzima kwa kuogopa kumuudhi mwalimu anajiumiza mwenyewe.

Anayetaka kukuandikia tasnifu kwa malipo, mkatae. Zaidi ya kwamba ni wizi wa kitaaluma, siku ya utetezi utaulizwa kwa nini ulichagua rigresheni (njia ya takwimu ya kupima jambo moja linavyoathiri jingine) na si njia nyingine, na aliyeandika hatakuwepo. Marejeo yahifadhi kwenye programu ya Zotero, ambayo ni ya bure, tangu makala ya kwanza unayosoma. Programu ya Turnitin hupima ufanano, na alama hupanda mno kwenye sura ya pili, mahali watu wanapobandika fasili za vitabu. Soma, funga kitabu, kisha andika kwa maneno yako.

Mpangilio wa miezi unaowezekana kwa aliye kazini ni miwili ya pendekezo, mmoja wa vibali, miwili ya kukusanya data, mmoja wa uchambuzi, miwili ya kuandika. Hiyo ni minane kabla ya kuwasilisha kwa watahini. Baada ya hapo kuna mtahini wa ndani, wa nje, utetezi na masahihisho, na hapo kasi haiko mikononi mwako tena. Vyuo vingi hufanya mahafali mwishoni mwa mwaka na hufunga orodha ya wahitimu wiki kadhaa kabla. Iulize tarehe hiyo siku ya kusajiliwa, iandike ukutani, na uhesabu kurudi nyuma kuanzia hapo.

Msomaji, Morogoro