Nimeondoa alama kwenye jina la faili, bado programu inakataa kusevu

SWALI: Fundi naomba msaada, niko Bujumbura, ni sekretari. Programu yetu ya stakabadhi imegoma kusevu, inasema haioni njia C:\Users\SecrÃ©taire\Documents. Jina la faili Reçu_février nimeshaliandika Recu_fevrier, bado tu, na diski ina nafasi ya kutosha. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana dada. Kuondoa alama kwenye jina la faili ulifanya sawa, ila hebu soma tena hiyo njia polepole. Unaiona hiyo Ã©? Akaunti ya kompyuta iliandikishwa kwa jina Secrétaire na Windows ikatengeneza folda ya jina hilohilo, kwa hiyo hata faili ukiliita A tu, bado linapita kwenye é.

Iko hivi: kwenye UTF-8, yaani utaratibu wa kompyuta wa kuandika herufi kwa namba, herufi é huandikwa kwa baiti (vipande vya data) 2, C3 na A9, sasa inavyoonekana programu yenu sehemu moja inaandika kwa UTF-8 na nyingine inasoma kwa jedwali la zamani la Windows, lile la 1252, ambalo kila baiti ni herufi moja, basi C3 inasomeka Ã, A9 inasomeka ©, inaenda kutafuta folda SecrÃ©taire ambayo haipo kabisa. Diski yako ni nzima.

Kwa leo tengeneza folda C:\Kazi, sevu humo. Ikigoma tena usishtuke, programu nyingi zinaandika kwanza faili la muda ndani ya AppData, folda ambamo programu huweka data zake, na AppData nayo iko humohumo chini ya Secrétaire, hapo tengeneza C:\Temp halafu kwenye mipangilio ya mfumo elekeza huko TEMP na TMP, majina mawili yanayoziambia programu pa kuweka faili za muda, toka kwenye akaunti, ingia upya.

Dawa ya kudumu ni akaunti mpya, iite Ofisi1, bila alama tangu siku ya kwanza, kisha hamishia nyaraka zako huko. Kubadilisha jina la akaunti ya sasa hakusaidii, folda inabaki na jina la zamani. Na nakuomba sana usiibadilishe folda yenyewe kwa mkono, Windows itaendelea kuitafuta kwa jina la kwanza, utaingia asubuhi ukute dezktopu tupu na kazi zako huzioni.

Ukimaliza, piga picha hiyo erori uwatumie waliotengeneza programu. Watu wanaoandika Kifaransa kila siku hawafai kukimbia herufi zao, na hiyo Ã© inawaonyesha mafundi wao pa kuanzia kutafuta.