Mti gani kwa uwanja mdogo?

*Parseli yetu ya Goma iko juu ya mawe ya Nyiragongo. Nyuma ya nyumba imebaki mita 4 kwa 5, karibu na ukuta na shimo la choo. Nipande avoka?* (Mama, Majengo)

Mama, avoka uiache. Itapita paa, na mizizi itatafuta hilo shimo. Chukua mlimau uliopandikizwa, yaani kijiti cha mlimau kilichounganishwa juu ya shina la mti mwingine. Ukikatwa vizuri unabaki mita 3 hivi. Uupande mita 2 kutoka ukutani, na mbali zaidi na choo.

Kazi kubwa ni shimo la kupandia. Vunja mawe kwa baramina (mtaimbo), sentimita 60 upana na kina. Changarawe ya lava haipitishi maji tu, inayameza, kwa hiyo jaza udongo mweusi karai 3 kwa samadi iliyooza karai 1. Samadi mbichi inaunguza mizizi.

Tazama kovu la kupandikiza, pale shina linapopinda kidogo: libaki sentimita 10 hadi 15 juu ya udongo. Wengi wanalifukia, shina linaoza. Machipukizi ya chini ya kovu yang'oe yangali laini, maana ni ya shina-mama, ule mti wa chini, wenye miiba mirefu na matunda mabaya.

Kiangazi, nusu bidoni ya maji mara mbili kwa wiki. Majani makavu yatandaze chini, yasiguse shina.

Ukiwa na haraka, panda maprune (nyanya za mti): yanazaa ndani ya miaka 2, ila matawi yake yanavunjika upesi kwa upepo.