Muziki ndio unaowachekesha watazamaji wako

Ndugu, umeeleza kwamba katika video yako ya picha mojamoja (kikaragosi kinachosogezwa kidogo na kupigwa picha kila mara, ndipo picha zikiungwa kionekane kinatembea) mwanasesere wa udongo anaondoka nyumbani kwa huzuni, lakini watazamaji wanacheka. Picha hazina kosa. Kwa picha 12 kwa sekunde mwendo hukatikakatika kidogo, na muziki wa haraka uliouweka huugeuza kuwa kichekesho. Uondoe muziki huo kabisa, kisha urekodi sauti ya hatua kwa simu, katika chumba chenye mapazia mazito, mchanga ukikandamizwa polepole kwa kiganja, na sauti ya kila mkandamizo uilinganishe na picha ambayo unyayo unagusa chini. Hapo mwanasesere atapata uzito. Mlango wa nyumba katika video ukishafungwa, acha kimya cha sekunde mbili tatu. Ukitaka wimbo wa msanii mwingine, omba kibali cha maandishi, na kama video ni ya kuuza, mwone kwanza mwanasheria wa hakimiliki.