Orodha ya Sinema za Nusu Mwaka Huanzia Januari

Ukitaka kujua kama orodha ya mtu ya sinema alizozipenda nusu ya kwanza ya mwaka huu ina uzito, angalia alizitazama lini. Ikiwa saba kati ya kumi ni za Mei na Juni, hiyo ni kumbukumbu ya miezi miwili tu. Muvi ya Januari imeshafutika kichwani, hata kama siku ile ilimfanya mtu akae kimya kwenye daladala mpaka akapitilizwa kituo.

Kwa hiyo daftari ndilo la kwanza. Ukurasa mmoja una nafasi ya kutosha, na mambo sita yanatosha: tarehe uliyotazama, jina la picha na mwongozaji, mwaka na mahali ilipooneshwa kwanza, ulitazama kwenye nini (ukumbi, runinga, simu), alama, na tukio moja lililokukaa. Hilo la mwisho usiliruke. "Nzuri sana" ukiisoma baada ya miezi minne haikuambii kitu, lakini "mama anakunja kanga bila kumtazama mwanawe" inakurudishia picha nzima. Andika usiku huohuo, kwa sababu asubuhi utakuwa umeshasoma maoni ya watu na hutajua tena lipi ni lako.

Alama toa kati ya 5. Mizani ya 10 inaonekana ina nafasi zaidi, ila wengi huishia kujazana kwenye 7 na 8, na Juni unajikuta na picha 30 zenye 7.5. Toa alama mara mbili: usiku wa kutazama, na tena baada ya siku 7. Picha iliyotoka 4.5 ikashuka hadi 3 ilikubeba kwa mwendo na muziki. Iliyopanda kutoka 3 hadi 4 ndiyo ya kuichunga. Kuna ugonjwa mwingine: Januari mkono huwa mwepesi, Mei umekuwa mchoyo. Chagua picha tatu za zamani unazozijua vizuri, moja ya 2, moja ya 3, moja ya 4, kisha kila mwezi jiulize hii mpya inakaa wapi kati ya hizo.

Sasa tuje kwenye ugomvi ambao hauishi: sinema ni ya mwaka gani? Watu hutukanana bure hapa, kumbe kila mmoja anahesabu kwa kalenda yake. "Casablanca" ilifunguliwa New York tarehe 26 Novemba 1942, ikasambazwa Januari 1943, na tuzo ya Oscar ya picha bora ikaipata Machi 1944 kama filamu ya 1943. Kwetu pia yapo. "Vuta N'kuvute" ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilianzia tamasha la Toronto Septemba 2021, na Tanzania ikaiingiza kwenye kinyang'anyiro cha Oscar za 2023. Nayo "Rafiki" ya Wanuri Kahiu ilioneshwa tamasha la Cannes Mei 2018 ikiwa imepigwa marufuku Kenya. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikairuhusu kwa siku 7, kwa sababu kwa kanuni za wakati huo filamu iliyotaka kuwakilisha nchi yake kwenye Oscar ililazimika iwe imeoneshwa huko kwa angalau siku hizo. Mwishowe Kenya ikapeleka "Supa Modo". Mkazi wa Nairobi aliyehesabu kwa siku ya kuonekana ukumbini alikuwa na wiki moja tu ya kuipata "Rafiki".

Ushauri: shika kanuni moja, iandike juu ya orodha, usiibadilishe katikati. Inayofaa zaidi kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki ni hii: picha ni ya mwaka ambao mtu wa kawaida wa nchi yako aliweza kuitazama kihalali kwa mara ya kwanza, iwe ukumbini au mtandaoni. Maonyesho ya tamasha yasihesabiwe, ila yaandikwe pembeni. Ukifuata mwaka wa tamasha utakuwa unaorodhesha picha ambazo wasomaji wako hawataziona mpaka mwakani. Bila kanuni, Januari na Februari zitakuvuruga kabisa, maana filamu nyingi zinazowania tuzo hufunguliwa Marekani kati ya Oktoba na Desemba na kufika nchi nyingine baada ya mwaka mpya. Ndiyo maana pia orodha ya Juni isipimwe kwa kipimo cha Desemba. Nusu ya kwanza ina yaliyotoka matamasha ya Sundance na Berlin na mabaki ya msimu wa tuzo. Cannes ni Mei, na nyingi za huko hujazifikia bado. Venice na Toronto hazijaanza.

Jambo la pili linaloharibu hukumu ni chombo chenyewe, na hili wapenzi wengi wa sinema hulidharau. Filamu hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, yaani picha tuli 24 zinazofuatana. Runinga mpya nyingi hutoka dukani zikiwa zimewashwa kitu kinachobuni fremu za ziada katikati ili mwendo uwe laini. Matokeo yake picha ya mamilioni ya dola inafanana na tamthilia ya saa mbili usiku, nawe unamlaumu mpigapicha. Kwenye Samsung hiyo huitwa Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Zima. Kama menyu ina Filmmaker Mode, chagua hiyo. Inazima takataka nyingi kwa mkupuo. Ikiwa haipo, Cinema au Movie inatosha. Utaona picha imekuwa na wekundu kidogo na giza zaidi. Vumilia dakika kumi, macho yatazoea.

Mazungumzo yakisikika kama mnong'ono huku milipuko ikipasua spika, usikimbilie kusema sauti imerekodiwa vibaya. Mara nyingi umechagua sauti ya 5.1, iliyopangwa kwa spika sita, wakati runinga ina spika mbili, na maneno yaliyokusudiwa spika ya kati yanapotea njiani. Ingia kwenye chaguo la sauti, weka Stereo. Na kwa zile zinazorushwa na vituo vya runinga, kumbuka mfumo wetu ni wa fremu 25, hivyo picha hukimbizwa kidogo: ya dakika 120 huisha kwa takriban 115, hata kabla hawajakata chochote.

Kwa wanaotazama kwa bando, Netflix yenyewe hula hadi GB 1 kwa saa kwa ubora wa kawaida (SD) na hadi GB 3 kwa ubora wa HD, kwa hiyo muvi ya saa mbili inaweza kufika GB 2 au 6. Hakuna aibu kutazama kwa ubora wa chini kwenye simu, ila andika daftarini. Picha ya giza tupu iliyopata 2 kwenye simu inastahili rufaa kabla ya kutupwa.

Vivyo hivyo kwa iliyotafsiriwa na DJ. Kibanda umiza kina raha yake, na mtafsiri hodari anaweza kumfufua stelingi wa mbao akawa mtu. Lakini hapo umetazama kazi ya watu wawili, sauti ya mmoja ikiwa juu ya ya mwingine. Ukiipa 5, jua unampa nani.

Kupanga nafasi. Wengi huketi na majina kumi na kuanza kuhangaika kuanzia namba moja. Njia rahisi ni kuingiza moja moja. Anza na mbili, amua ipi juu. Ya tatu na kuendelea, ilinganishe kwanza na iliyo katikati ya orodha, kisha panda au shuka. Kwa picha 10 hutazidi maswali 25, wakati kulinganisha kila moja na kila nyingine ni maswali 45. Swali lenyewe liwe lilelile: leo usiku umeme upo, nafasi ni ya moja, naweka ipi? Ukikuta A inaishinda B, B inaishinda C, halafu C inaishinda A, umebadilisha kipimo katikati. Pengine A unaiheshimu na C unaipenda. Hii ni orodha ya unazozipenda. C iende juu.

Idadi isizidi moja kwa kila tano ulizotazama. Mwenye picha 25 atoe tano, basi. "Kumi bora" kutoka kwa aliyetazama 14 ni orodha ya zisizomchosha.

Tatu za juu zitazame tena kabla ya kuchapisha, mwisho wa Juni, usiku tofauti. Kama muda haupo, tazama dakika 20 za kwanza. Mwongozaji anayejua kazi huwa ameshapanda mbegu zote hapo, na safari hii utaziona.

Maelezo ya kila picha maneno 60 hadi 80 yanatosha. Taja tukio moja na kazi ya fundi mmoja: mhariri, mpigapicha, mtu wa mavazi. Usisimulie kitu kilichotokea baada ya theluthi ya kwanza, yaani kwa picha ya dakika 110 usivuke kama ya 36. Sentensi ya "hutaamini mwisho wake" nayo ni kufichua, kwa sababu msomaji ataketi akiusubiri huo mwisho badala ya kutazama.

Chini kabisa weka picha tano ambazo hujazipata, kwa majina, ili anayekuuliza "mbona ile haipo?" apate jibu lake. Weka na tarehe ya kufunga orodha. Ukibadili mawazo Agosti usifute. Piga mstari juu ya nafasi ya zamani na uandike mpya kando yake.