Jibu: Mbwa anatii nyumbani, kwenye mashindano hasikii

Dada, umesema mbwa wako anatii vizuri nyumbani ukiwa na vipande vya kuku mkononi, lakini kwenye mashindano ya utiifu ya AKC (American Kennel Club, chama cha mbwa) huko Marekani, daraja la Novice, yaani la wanaoanza, anakuacha na kwenda kunusa nyasi. Huo si ukaidi. Amezoea kufanya kazi pale anapoona chakula, na uwanjani chakula hakiruhusiwi.

Anza kwa kukitoa mkononi. Kiweke kwenye kopo mbali nanyi, mtembeze kando ya mguu wako wa kushoto hatua tatu nne, msifu, kisha kimbieni pamoja mkachukue zawadi. Ongeza hatua taratibu. Halafu badilisha mahali: maegesho ya duka, bustani, kando ya uwanja wa watoto. Kujua "kaa" ya jikoni hakumaanishi anaijua ya barabarani, lazima afundishwe kote.

Kwenye zoezi la kuitwa, acha kabisa kurudia amri. Ukimwita mara ya pili umeshafeli zoezi, hata pointi za kwingine ziwe nzuri namna gani. Ili kufaulu unahitaji angalau pointi 170 kati ya 200, na zaidi ya nusu ya pointi za kila zoezi. Mazoezini ukiona hatakuja, usimwite, mfuate alipo.

Kumsifu kati ya zoezi na zoezi kunaruhusiwa, na wengi wanasahau kwa woga. Msifu kwa moyo wote!

Ana umri gani? Kama bado mdogo, mimi ningesubiri kidogo kabla ya kumsajili tena.