Video zote zinang'aa: nimwajiri nani?

Swali: Tunaanzisha kituo cha habari cha kimataifa kitakachorusha matangazo saa 24. Waongozaji wa studio na wahariri wa video wengi wameomba kazi, na kila mmoja ametuma video ya kazi zake. Zote nzuri. Nitamjuaje anayeweza kweli?

Jibu: Video hizo zitazame mara moja, kisha ziweke kando. Picha safi unayoiona imepita mikononi mwa mpiga picha, fundi taa, fundi sauti na mhariri, lakini wewe umeletewa jina moja. Simamisha popote umuulize: hapa wewe ulifanya nini? Aliyekuwepo hatababaika.

Mhariri mpe picha ghafi za dakika 20 na saa moja ya kazi, akutolee habari ya dakika moja na nusu. Zikibaki dakika 15, mwambie inatakiwa ya sekunde 40. Angalia anaanza kukata wapi. Akitupa maneno ya shahidi ili abakize mandhari ya kupendeza, huyo mimi simchukui, hata awe na kasi namna gani.

Mwongozaji hupimwa studioni tu. Aongoze taarifa ya majaribio ya dakika 10, na katikati ukate mawasiliano ya mwandishi aliye nje. Vaa visikilizio usikie anavyosema na wenzake. Mmoja atasema, "Kamera ya pili, rudi kwa mtangazaji, habari ya tatu iwe tayari," kwa sauti ileile aliyoanza nayo. Mwingine atanyamaza sekunde nne huku mtangazaji akikodolea macho kamera. Kwa mtazamaji, sekunde nne hizo ni ndefu mno.

Usisahau pia waliokwisha kuzoeana. Al Jazeera ilipoanza mwaka 1996, wengi wa wafanyakazi wake walitoka televisheni ya Kiarabu ya BBC, iliyokuwa imefungwa mwaka huohuo. Ukipata watatu wa timu moja iliyovunjika, wachukue pamoja.

Kama mtapokezana zamu kati ya miji, kama Al Jazeera ya Kiingereza ilivyoanza mwaka 2006 ikiwa na vituo Doha, London, Washington na Kuala Lumpur, ongeza jaribio la kuandika maelezo ya makabidhiano. Atakayepokea zamu yuko mbali na hana wa kumuuliza.

Siku ya majaribio walipe wote, hata utakaowakataa, na kazi waliyoifanya siku hiyo usiirushe hewani.