Barua kwa mwanangu: ukurasa wa nne wa daftari la baba yako

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa Mwanga. Sisi ni wazima, ila mdogo wako ana mafua. Ziwa limechafuka wiki hizi na dagaa wameadimika pale Kibirizi, kwa hiyo kwenye mfuko unaokuja na treni utakuta wachache kuliko nilivyokuahidi. Mawese yapo ya kutosha.

Ujumbe wako niliusikiliza usiku, nikaurudia asubuhi. Unauliza kama urudi kwaya kabla mwenyekiti hajakuomba msamaha mbele ya wale wale waliomsikia akikuita mwizi, au ukirudi itakuwa kama umekubali kwamba pesa za sare ulizila. Ukasema unataka ndiyo au hapana, hutaki mahubiri. Nimekusikia. Lakini kilichonikaa moyoni si hilo la kurudi. Ni pale uliposema, kwa ile sauti yako ya kukata maneno, "Mama, mimi nina haki, na ushahidi wote ninao kwenye simu."

Najua una haki. Sijakutilia shaka hata kidogo. Miamala ipo, fundi cherehani amekiri, na pesa iliyoonekana imepungua ni yeye mwenyekiti aliyemlipa fundi mkononi akasahau kusema. Kikao kizima kimeona. Halafu mtu mzima anasema, "Basi, yameisha, tuendelee na ajenda." Iliniuma mimi niliye huku Kigoma, sembuse wewe uliyekuwa umesimama pale. Aliyekuchafua kwa sauti kubwa akusafishe kwa sauti hiyo hiyo. Hapo niko upande wako.

Ila nikikusikia ukisema una haki, namsikia baba yako.

Habari ya ng'ombe wa babu mnaijua wote, lakini mnaijua kwa nusu. Siku ile mliachwa kwa shangazi huku mjini, na baadaye mkasimuliwa ile sehemu ambayo baba alishinda. Baba alishinda kweli. Nilikuwepo.

Siku ya kuanua matanga ya babu kule kijijini Kalinzi, ukoo ulikaa nje karibu na migomba, wanaume kwenye mabenchi, sisi kwenye mikeka. Baba yako mkubwa akasimama, akasema ng'ombe wawili wa marehemu waliuzwa na hela zikaliwa mjini. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja ya kutaja, maana mjini tulikuwa tunakaa sisi peke yetu. Na baba yako alikuwa mzee wa kanisa. Neno kama hilo linajua njia ya kufika madhabahuni. Akanituma ndani nikamletee begi. Akatoa kaunta buku lake la jalada jeusi, akavaa miwani, akaanza kusoma.

Alisoma vizuri. Bei ya ng'ombe wa kwanza, mnunuzi, mashahidi. Gari la kumshusha babu mjini. Dawa, upasuaji wa mguu, chakula cha wodini, sanda, mbao za jeneza. Kila shilingi na tarehe yake, risiti zimebanwa kwa pini pembeni mwa ukurasa. Alipomaliza ukurasa wa tatu wazee walikuwa wameshainamisha vichwa, na mjomba wa marehemu akasema, "Inatosha. Tumeelewa. Kijana hana deni la mtu."

Mimi pale mkekani nilishusha pumzi.

Baba yako akalamba kidole, akafungua ukurasa wa nne. Ukurasa wa nne ulikuwa wa michango. "Mwezi wa tatu, mimi, elfu arobaini. Kaka, hakuna. Mwezi wa nne, mimi, elfu hamsini na tano. Kaka, hakuna. Mwezi wa tano. Kaka, hakuna." Alisoma polepole, kwa sauti ile ile aliyokuwa akisomea Neno kanisani. Mtoto mkubwa wa baba yako mkubwa alikuwa anapita na birika la maji ya kunawa. Akasimama nalo hivyo hivyo, maji yakimdondokea miguuni. Hakuna aliyemwambia endelea. Chakula kilipoletwa baba yako mkubwa hakunawa. Alizunguka nyuma ya nyumba, tukasikia baiskeli ikiondoka.

Usiku ule bibi yako, ambaye wewe umebeba jina lake, akamwita baba yako. Akamwambia, "Umemshinda ndugu yako. Sasa mtanizika wangapi?" Baba yako akajibu, "Mama, nimesema uongo gani?" Bibi akasema, "Hujasema uongo." Akageukia ukutani.

Hapo ndipo panaponichoma mpaka leo. Hakusema uongo. Angekuwa amedanganya, tungejua pa kuanzia kutengeneza. Miaka na miaka ndugu wawili wa tumbo moja hawakusalimiana, Krismasi tukala wenyewe, harusi ya binamu yako tukapeleka zawadi kwa mkono wa mtu, na kila nikitafuta kosa la baba yako nilikuwa nakuta hesabu zimekaa sawa.

Mimi nimeshika neno moja tangu siku ile na mnanichoka nalo, lakini nalisema tena: kweli ikishafanya kazi yake, iweke chini. Kurasa tatu za kwanza zilimwondolea baba yako jina la mwizi, zikawaondolea wazee mashaka, zikamlinda hata marehemu. Zilikuwa na kazi. Ukurasa wa nne haukuwa na kazi yoyote pale kwenye matanga. Ulikuwa wa baba yako tu, wa kumwonyesha kaka yake nani ni nani.

Na haukuwa mzima, ujue. Baadaye sana mama yako mkubwa aliniambia kwamba miezi ile walikuwa wanakula kwa kukopa. Kahawa yao walishaiuza ikiwa bado mtini, na mumewe aliona aibu kumwambia mdogo wake wa mjini. "Kaka, hakuna" ilikuwa kweli. Hakuna aliyeuliza kwa nini hakuna.

Sasa nabishana na nafsi yangu hapa, na wewe utabishana nami, kwa hiyo acha nianze mwenyewe. Je, asingesoma kabisa? Wapo wanaohubiri hivyo, kwamba Mkristo akionewa afunge mdomo, Mungu atamtetea. Mimi siwezi kukuambia hivyo. Angenyamaza siku ile, mngekua mkiitwa watoto wa mwizi. Na Maandiko hayaniruhusu. Paulo na Sila walipigwa fimbo hadharani kule Filipi bila hukumu, wakatiwa gerezani. Asubuhi makadhi wakatuma watu wawatoe kimya kimya. Paulo akakataa. Akataka wenyewe waje wawatoe, na wakaja. Bwana wetu mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu aliuliza, kama nimesema vema, wanipigia nini? Kwa hiyo kumtaka mwenyekiti wako aseme mbele ya kwaya yale aliyoyakosea mbele ya kwaya, mimi siiti dhambi. Tena kuna atakayeshika uhazini baada yako, pengine binti mdogo kuliko wewe, na mazoea haya yakiachwa yatamkuta naye.

Lakini Paulo huyo huyo ndiye aliyeandika Warumi kumi, mstari wa tatu: "Kwa maana, wakiwa hawaijui haki ya Mungu, na wakitaka kuithibitisha haki yao wenyewe, hawakujitia chini ya haki ya Mungu." Mstari huo ndio uliompata baba yako. Alikuwa anajiandaa kufundisha kipindi cha Jumatano, amekaa pale dirishani na taa. Nikamwona amevua miwani. Akaniambia, "Mama, nilikuwa nasoma habari za Israeli, nimejikuta Kalinzi." Kipindi kile alimwomba mwenzake afundishe.

Ni jambo gumu na sijui kama nitalisema inavyotakiwa. Waisraeli wale ambao Paulo aliandika habari zao hawakuwa waovu. Anasema wana juhudi kwa ajili ya Mungu. Na yule Farisayo wa Luka kumi na nane, aliyepanda hekaluni kusali pamoja na mtoza ushuru, hakuna mahali Yesu anasema alidanganya. Alifunga kweli mara mbili kwa juma, zaka alitoa kweli. Hesabu zake zilikuwa safi kama za baba yako, na bado aliyeshuka kwenda nyumbani amehesabiwa haki ni yule mtoza ushuru, ambaye hakuwa na ukurasa hata mmoja wa kusoma. Paulo naye alikuwa na daftari safi. Anawaambia Wafilipi kwamba kwa haki ya sheria hakuwa na hatia. Kisha anayaita yote hayo mavi, apate kuonekana ndani ya Kristo akiwa na haki itokayo kwa Mungu kwa imani. Hii ndiyo haki uliyopewa siku ulipompokea Bwana, mwanangu. Mwenyekiti wa kwaya hakukupa, hawezi kukupunguzia. Ndiyo maana nasema unaweza kumdai neno lake bila kulihitaji ili usimame. Anayelidai kwa kulihitaji hatosheki hata akilipata. Atataka liandikwe, lisomwe, lirudiwe Jumapili ijayo.

Mtazame Ayubu pia, maana baba yako alimpenda sana uzeeni. Pale mwisho Mungu mwenyewe anaamua kesi: rafiki zake hawakunena yaliyo sawa, Ayubu amenena. Ushindi gani unazidi huo? Halafu kazi anayopewa mshindi ni kuwaombea. Wanaleta ng'ombe saba na kondoo waume saba, na Ayubu anawaombea wale waliomwambia mateso yake ni malipo ya dhambi zake. Imeandikwa kwamba Bwana aliugeuza uteka wa Ayubu alipowaombea rafiki zake. Kama walimwambia "tusamehe," Biblia haikuandika.

Baba yako alikwenda Kalinzi msimu wa kuchuma kahawa. Kaunta buku aliliacha nyumbani, nililiona kabatini. Akamkuta kaka yake shambani, akamwambia, "Kaka, niliyoyasoma yalikuwa kweli, ila mengine niliyasoma ili uumie. Hayo nisamehe." Baba yako mkubwa akamtazama kitambo, akasema, "Kikapu kile pale." Wakachuma mpaka jioni. Aliporudi alinisimulia habari hiyo mara tatu kabla hajala, anacheka na machozi yanamtoka, mtu mzima yule. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, hata siku mlipobatizwa.

Bibi yako walimzika wote wawili.

Lakini nikuambie na hili, usidhani nakupamba hadithi. Baba yako mkubwa hakusema kamwe, "Nilikosea kukuita mwizi." Hakusema shambani, hakusema kwenye mazishi ya bibi, hakusema hata alipokuwa anaumwa ule ugonjwa wa mwisho. Mimi nilikuwa nakaa pembeni ya kitanda chake nalisubiri. Nilimwambia baba yako, mwambie basi aseme, amebakiza siku ngapi? Akanijibu, "Na nikilipata hilo neno nitaliweka wapi?" Yeye hakuwa na pa kuliweka. Mimi nilikuwa napo, na pengine bado ninapo. Nampenda shemeji yangu, nimemlilia, nimemsamehe, na bado ningependa kulisikia.

Kwa hiyo sikuambii kwamba hutaumia. Wala sikuambii kwamba ukiwa mpole mwenyekiti atalainika. Huenda asilainike.

Nakuuliza kitu kimoja tu. Mwishoni mwa ujumbe wako, haraka haraka, umesema kwamba baada ya kuwaonyesha miamala na watu kuridhika, uliwasomea na orodha ya ambao hawajamaliza michango ya sare, na jina la kwanza lilikuwa la mwenyekiti. Hapo ndipo niliporudia kusikiliza. Orodha ile ilikuwa kweli, sina shaka. Kikao kilikuwa kimeiomba? Na unajua kwa nini hajalipa?

Hilo la orodha nakuambia wazi, kalitengeneze, na usisubiri yeye aanze la kwake. Ni mambo mawili tofauti, usiyafunge kamba moja.

La kurudi kwaya, umetaka ndiyo au hapana. Ninayo, iko hapa kwenye ncha ya ulimi na nimeshaiandika mara moja nikaikata, utaona nilipokwangua. Baba yako angekuambia urudi wiki hii hii. Mimi si baba yako. Nikikuambia, utakwenda au utabaki kwa sababu mama kasema, na mwenyekiti akikuudhi tena utanigeukia mimi. Omba, kisha uamue wewe.

Mazoezi yenu ni Jumamosi saa kumi, kama hamjabadilisha. Nitakupigia saa mbili usiku, uniambie ulikuwa wapi. Na kopo moja la mawese ni la mama mwenye nyumba wako, usilisahau.

Mama yako,
Mwanga, Kigoma